Tumechoka Kutupwa Nje ya Gemu Bila Kuambiwa Sababu

Tunaocheza gemu kwenye kompyuta za mtumba tuko wengi, na kilio chetu ni kimoja. Mechi iko dakika za mwisho, wenzako wanakuita umfunike mtu, mara kioo kinakuwa cheusi. Kikirudi, gemu haipo. Kuna picha yako ndogo ya duara, chini yake kisanduku cha paswedi, basi. Hakuna sentensi hata moja ya kueleza kilichotokea. Unaingia upya, gemu inachukua dakika zake kufunguka, na ukifika timu yako imeshafungwa, au umeshahesabiwa kuwa umekimbia mechi na umefungiwa kucheza kwa muda.

Ukiipeleka kwa fundi, mazungumzo tunayajua.

"Kaka, mashine yako imechoka."

"Imechoka wapi, fundi?"

"Imechoka tu. Tuipige Windows."

Inapigwa Windows, yaani diski inafutwa na Windows inawekwa upya. Unalipa. Gemu zote unazipakua upya kwa bando lako mwenyewe, na gemu moja ya siku hizi inaweza kula zaidi ya GB 100. Wiki haiishi, unatupwa nje tena, kwa namna ileile. Hapo ndipo tunapolalamika. Mashine kuharibika si ajabu, kila chombo huharibika. Kinachotuuma ni kulipia matibabu ya ugonjwa ambao hakuna aliyeupima.

Tuseme kwanza hizi kompyuta ni zipi, maana kuna wanaodhani tunadai makuu. Nyingi ni zile boksi za ofisini, Dell OptiPlex na ndugu zake wa HP na Lenovo, zilizofanya kazi miaka kadhaa kwenye meza za makarani huko Ulaya au Ghuba, ofisi ikanunua mpya, za zamani zikafungwa kwenye kontena. Zinafika madukani kwetu, zinafutwa vumbi, zinabandikwa bei. Kijana anakusanya hela yake kidogo kidogo, ananunua boksi, anatafuta kadi ya grafiki ya mtumba anaichomeka, anaanza kucheza. Ndizo tunazozimudu, na zikiangaliwa vizuri zinacheza. Ila kuna mambo hazikutengenezewa, na anayeziuza anayajua au anapaswa kuyajua.

Sasa hilo la kutupwa nje. Tumegundua, kwa kuulizana sisi kwa sisi, kwamba watu wanaita jina moja matatizo matatu tofauti kabisa, na fundi anayatibu yote kwa dawa moja. Tazama kinachotokea ukishaingiza paswedi. Ukikuta gemu yako bado iko wazi pale ulipoiacha, kompyuta haikukutoa, ilijifunga tu. Ukikuta kila kitu kimefungwa lakini kompyuta haikuzima, basi kikao chako chote kilivunjwa, na mara nyingi chanzo kiko kwenye kadi ya grafiki au draiva yake. Na kama kabla ya kisanduku cha paswedi uliona nembo ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, hapo mashine ilizima na kuwaka upya. Mara nyingi huo ni umeme, joto, au programu fulani iliyoiamuru izime. Mambo matatu, njia tatu za kuyafuata. Kumwuliza mteja swali moja, "ukirudi unakuta nini?", hakuhitaji hata bisibisi.

Hilo la kujifunga lina sababu mbili tunazokutana nazo sana. Ya kwanza ni kibodi. Kitufe cha Windows kikishikwa pamoja na L, kompyuta inajifunga papo hapo, ndivyo ilivyopangwa. Kibodi iliyowahi kumwagikiwa soda, kitufe cha Windows kikanata chini, inaifunga mashine kila unapogusa L. Mtu anapigiwa Windows kwa sababu ya kitufe kinachonata!

Ya pili inawapata wanaocheza kwa pedi. Kompyuta ikishapangiwa kujifunga usipoigusa kwa dakika kadhaa, inahesabu kuguswa kwa kibodi na kipanya. Pedi mara nyingi haiihesabu, isipokuwa gemu yenyewe iwe imeandikwa kuzuia kioo kisilale. Kwa hiyo wewe unatoka jasho uwanjani, vidole havitulii, na mashine inaamini umeinuka umekwenda kula. Kwa boksi zilizotoka ofisini hali huwa mbaya zaidi, maana mpango wa kujifunga haraka ni wa kawaida kwenye ofisi, na mashine isipofutwa ipasavyo mpango huo unakuja nayo. Dawa yake iko kwenye mipangilio ya umeme na ya kioo, na haichukui dakika mbili.

Kuna jambo jingine ambalo linatukera kuliko yote, kwa kuwa limetengenezwa na binadamu. Wapo wanaotuwekea toleo la majaribio la Windows Enterprise. Toleo hilo ni halali kulipakua na linafanya kazi siku 90. Zikiisha, picha ya nyuma inageuka nyeusi na kompyuta inaanza kujizima kila baada ya saa moja. Mnunuzi hakuambiwa. Anahesabu miezi mitatu mashine inakwenda vizuri, mwezi wa nne inamzimikia saa baada ya saa, anaamini kadi yake imeungua. Anarudi kwa fundi, anapigiwa toleo lilelile, analipa tena, na saa ya siku 90 inaanza upya. Huu ni wizi, hata kama kiasi chenyewe ni kidogo.

Na ushahidi wa yote haya umo ndani ya kompyuta yenyewe. Hapo ndipo hasira zetu zinapopata uzito. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System. Ni daftari. Kila tukio limeandikwa saa na dakika yake. Ukikuta namba 41 yenye jina Kernel-Power, maana yake mashine ilizimika bila kuaga, umeme ulikatika ndani yake au iliganda. Namba 1074 inataja programu gani na mtumiaji gani ameagiza kuzima. Lile toleo la majaribio linajitaja hapo waziwazi. Namba 4101 inasema draiva ya kioo iliacha kujibu kisha ikainuka. Windows huipa kadi ya grafiki sekunde mbili ijibu, isipojibu inaianzisha upya, na gemu nyingi hazivumilii mshtuko huo. Kijana yeyote anayejua kusoma saa aliyotupwa nje anaweza kulinganisha na daftari hilo. Fundi anayeanza na kufuta diski anafuta na daftari. Anachoma ushahidi kabla ya kuusoma, kisha anasema hajui kilichokuwa kinaiua.

Kuhusu umeme, tunaomba wauzaji wawe wakweli. Boksi ndogo za ofisini nyingi zina pawa saplai ya wati 240 au pungufu. Kadi kama GTX 1050 Ti inakula wati 75 na kwa kawaida inaweza kupata zote kupitia tundu lake, hiyo inavumilika. Lakini tunaona watu wanauziwa kadi kubwa zinazohitaji waya wake wa umeme, fundi anaunga waya huo kutoka kwenye waya wa diski, anakwambia iko sawa. Kwenye duka iko sawa, kwa sababu kuangalia video hakuishughulishi kadi. Nyumbani ukifungua gemu, kadi inavuta umeme wote kwa pamoja, pawa saplai inashindwa, mashine inazima na kuwaka. Waya kama huo unaweza hata kuyeyuka. Ongeza joto la Dar es Salaam mwezi wa pili, vumbi lililojaa kwenye feni, na ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa iliyokauka tangu mashine ilipokuwa Ulaya. Kusafisha na kupaka dawa mpya ni kazi ndogo kwa anayeijua. Kwa nini isifanywe kabla ya kubandika bei?

Tukija kwenye kibodi, kipanya na pedi, manung'uniko yanazidi, maana hapa mchezaji huambiwa hajui kucheza. Kibodi za bei nafuu hazina uwezo wa kusoma vitufe vingi kwa wakati mmoja. Ndani yake nyaya zimepangwa kwa safu na mistari, na vitufe vitatu vikishikwa kwenye pembe mbaya, kibodi haiwezi kujua cha tatu ni kipi, inakinyamazia. Unakimbia mbele, unakata kushoto, unaruka. Kuruka hakutokei, unapigwa. Jaribio lake ni rahisi na tunalifanya dukani siku hizi. Fungua Notepad, shika Shift zote mbili kwa pamoja, kisha andika herufi zote kuanzia A hadi Z. Zile zisizotokea ni zile ambazo kibodi hiyo inazimeza. Wapo wauzaji wanaokunja uso ukifanya hivyo. Wakunje.

Shift yenyewe ina kisa. Ukiibonyeza mara tano mfululizo, Windows inakuletea dirisha la kuuliza kama unataka Sticky Keys. Ukiishikilia ya kulia kwa sekunde nane, inakuja Filter Keys, ambayo huifanya kibodi ipuuze mibonyezo ya haraka. Huduma hizi zina heshima yake. Zipo kwa ajili ya watu ambao mikono yao haiwezi kushika vitufe viwili kwa pamoja au inatetemeka, na hatutaki ziondolewe. Tunachotaka ni muuzaji amwambie mtoto anayenunua kompyuta ya kwanza kwamba njia hizo za mkato zinaweza kuzimwa kwenye mipangilio, maana mtoto akikubali dirisha hilo bila kulisoma, kibodi inabadilika tabia na yeye anadhani imekufa. Tumeona kibodi nzima zinatupwa kwa sababu hiyo.

Kipanya kisicho na waya nacho kinarukaruka, na watu wanabadilisha betri mpaka wanachoka. Intel walieleza tangu mwaka 2012 kwamba matundu ya USB 3.0 na diski zinazochomekwa humo hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo vipanya vingi hivyo hutumia. Ukichomeka kile kipokezi kidogo nyuma ya boksi, ubavuni mwa diski ya nje, mawimbi yanagongana. Kihamishie tundu la mbele, au tumia waya wa kurefusha ukiweke mezani karibu na mkono. Na kama ni cha waya lakini kinakufa sekunde moja kisha kinarudi, angalia kwenye Device Manager kama kompyuta imeruhusiwa kulizima tundu la USB ili kubana umeme. Kwa karani hilo halikuwa na shida. Kwa mchezaji linamaliza mechi.

Pedi inayomtembeza mchezaji bila kuguswa ni kuchakaa tu kwa vipande vidogo vinavyopima mwendo chini ya kijiti, havidumu milele. Ila tusiuziwe pedi iliyochakaa kwa bei ya mpya.

Wanaoumia zaidi ni watoto wa mabanda ya gemu. Mtoto analipa kwa muda. Kompyuta ikimtupa nje, muda unaendelea kuhesabiwa wakati mwenye banda anawasha upya, na akiuliza anaambiwa ameminya vibaya. Tunajua wenye mabanda nao wanabanwa na kodi ya fremu na luku. Lakini hela ya yule mtoto ni ya kweli, na dakika alizokaa akitazama nembo ikizunguka si za kucheza. Arudishiwe.

Tukiambiwa sababu, tunavumilia. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikakosa intaneti ya maana kwa siku kadhaa. Tulitupwa nje ya kila gemu ya mtandaoni. Ilituuma, lakini tulivumilia, kwa sababu tuliambiwa ni nyaya zipi na ziko wapi. Hakuna aliyekimbilia kupiga Windows siku zile. Hakuna aliyemnunia mwenzake kwamba amekimbia mechi.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipati tena masasisho ya bure ya kawaida, na boksi nyingi za zamani hazina prosesa wala chipu ya TPM 2.0 inayotakiwa na Windows 11. Ofisi za nje zinaziacha, na tunatarajia nyingi zitakuja kwetu. Kabla hazijabandikwa bei, wauzaji waandike kwenye karatasi wati za pawa saplai na toleo la Windows lililowekwa kama ni la kudumu au la siku 90. Waache tujaribu kibodi kwa Notepad. Na mafundi, mteja akija na malalamiko ya kutupwa nje, wafungue Event Viewer mbele yake, wamwonyeshe mstari wa saa ileile aliyotupwa, kisha ndipo waseme bei.