Uzamili wa Sayansi na Deni la Lugha

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, Magarini. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengewa uchunguzi wa miali ya eksirei itokayo angani. Neno la Kiswahili likaingia katika historia ya falaki, lakini likaingia peke yake: matokeo ya uchunguzi huo yaliandikwa kwa Kiingereza. Tunapojadili maana ya shahada ya uzamili ya sayansi, hatuna budi kulikumbuka jambo hili.

Wapo wanaoichukulia shahada hiyo kuwa ngazi ya kupandia cheo tu. Maana yake ni pana zaidi. Shahada ya kwanza humfunza mwanafunzi yale yanayojulikana. Uzamili humtaka aulize lisilojulikana na kulijibu kwa ushahidi. Nchini Kenya, kazi hii kwa kawaida huhitaji miaka 2 au zaidi. Mwanafunzi husoma kozi, zikiwemo mbinu za utafiti na takwimu. Huandika pendekezo chini ya wasimamizi. Hutafuta idhini ya maadili na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Hukusanya data maabarani au nyanjani. Kisha huandika tasnifu na kuitetea mbele ya watahini.

Huko nyanjani ndiko sayansi inakokutana na watu. Mikoko ya Ngomeni, mashamba ya chumvi ya Gongoni na mlango wa mto Sabaki ni maabara zisizo na kuta. Mtafiti huongozwa na mvuvi, huhoji mkulima, hupimia maji ya kisima cha kijiji. Katika tafiti za afya za Kilifi, fomu za ridhaa hutafsiriwa kwa Kiswahili na Kigiriama, na ndivyo ipasavyo. Lakini tasnifu huandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa maktabani. Swali huulizwa kwa lugha ya mwenyeji. Jibu huandikwa kwa lugha asiyoimudu. Wapo watafiti wanaorudi kufanya mikutano vijijini, nao wanastahili pongezi. Hata hivyo, maneno ya barazani hupeperuka; maandishi hudumu.

Kuna wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Dai hili halina mashiko. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na TUKI mwaka 1990. Zaidi ya hayo, watu wa pwani hawasemi tu "mikoko": hutofautisha mkoko, mkandaa, mchu, muia na mlilana, aina ambazo mwanasayansi huziainisha kwa Kilatini. Istilahi zipo, kinachokosekana ni mazoea ya kuzitumia.

Kwa hivyo, napendekeza kila tasnifu ya uzamili ya sayansi iliyotafitiwa pwani iambatane na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa 2 au 3, na nakala zake zipelekwe katika shule na vituo vya afya vya eneo lililotafitiwa. Huenda ikasemwa kuwa huo ni mzigo mwingine kwa mwanafunzi ambaye tayari ameelemewa. Ni kweli, na hapo ndipo zamu yetu inapofika. Sisi tunaosomea fasihi, isimu na tafsiri tunaweza kushirikiana na wenzetu wa sayansi: wao watuhakikishie usahihi wa maarifa, nasi tuhakikishe ufasaha wa lugha. Wahadhiri wetu nao wanaweza kuihesabu kazi hiyo kuwa zoezi la kozi ya tafsiri.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hautakuwa na maana ikiwa elimu inayochotwa Magarini haiwezi kusomwa Magarini. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mtafiti ni mgeni. Mwenyeji bado anasubiri kupona.