Barua ya Shule Imeishia Mkononi mwa Nani?



Muhula wa tatu umeingia, na katika nyumba nyingi za mitaa yetu yumo kijana wa kidato cha nne ambaye jina lake halitajwi ila hufuatiwa na dua. Wazazi wamelipa, wamekopa, wengine wameuza walichokuwa nacho, na sasa wausubiri mtihani. Juu ya mtihani wenyewe hatuna mengi. Walimu wapo, na kwa wakati huu mtoto ama amesoma ama hakusoma. Juma hili twataka kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo: ni nani nyumbani aijuaye siku mtoto atakayomaliza, saa atakayotoka langoni mwa shule, yanayotakiwa kabla hajatoka, na yanayomngoja baada ya hapo?

Mwaka uliopita, Ijumaa moja ya mwisho wa Novemba, simu yetu ililia tukiwa twajitayarisha kwenda msikitini. Aliyepiga alikuwa mama wa binti mmoja aliyesoma kwetu madrasa tangu alifu. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alikuwa amesimama nje ya shule ya bweni, mwendo wa saa kadhaa kutoka Mombasa, pamoja na kaka yake na gari la kukodi, wamekwenda kumchukua binti baada ya mtihani. Bawabu alikuwa amewaambia kwamba watahiniwa waliondoka tangu Jumatano. "Sheikh," alituuliza, "mwanangu amelala wapi siku mbili hizi?"

Hatukuwa na jawabu la kumpa.

Alipatikana kabla ya Alasiri, alhamdulillahi, salama salimini. Jumatano ile alikaa langoni na sanduku lake la bati mpaka jua likakaribia kuzama, wenziwe wakichukuliwa mmoja mmoja. Simu hakuwa nayo, kwani shule hairuhusu, na nambari pekee aliyoijua kwa moyo ilikuwa ya baba yake, ya laini aliyoiacha alipokwenda kufanya kazi Qatar. Mama wa mwanafunzi mwenzake alipomwona amebaki peke yake na bawabu alikataa kuondoka bila yeye, akamchukua hadi kwake Voi. Akaipiga nambari ile usiku na mchana, haipatikani. Akapiga shuleni, akaahidiwa kupigiwa, hakupigiwa.

Mama huyo wa Voi si wa dini yetu. Alimlaza binti chumba kimoja na mwanawe, akamwazimia mswala kwa jirani Mwislamu, na kwa kuwa hakuwa na hakika ya nyama iliyokuwamo jikoni mwake, alituma dukani yakanunuliwa mayai. Kila tukikumbuka mayai yale twamwombea heri.

Baada ya kumshukuru Mola, tulitaka kujua barua ilipotelea wapi, kwani shule ilisema iliiandika, na kweli iliiandika. Ilitumwa katika kundi la wazazi la WhatsApp. Nambari ya mzazi iliyosajiliwa tangu kidato cha kwanza ilikuwa ya baba, naye alipohama aliwapa nambari yake mpya ya Qatar. Baba aliipokea barua akiwa kazini, akaona ni ya Kiingereza na ina kurasa tatu, akaweka alama ya kidole gumba, akaendelea na kazi yake. Alidhani mkewe yumo kundini. Mke hakuwamo. Tarehe ya Ijumaa aliipata kwa jirani ambaye mwanawe yuko shule nyingine, na mtoto wa jirani alikuwa na somo moja ambalo binti huyu hakulichukua.

Hapo pana jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtihani wa KCSE haumalizwi na watoto wote siku moja. Ratiba ya Baraza la Mitihani ni moja kwa nchi nzima, lakini kila mtoto ana masomo yake, na siku yake ya mwisho ni siku ya karatasi yake ya mwisho. Kuanza pia hakulingani: anayefanya Kiarabu ana mtihani wa kuzungumza ambao hutangulia, mwezi wa Oktoba, kabla ya karatasi za kuandika za Novemba. Kwa hiyo kumuuliza jirani hakutoshi. Aulizwe mtoto mwenyewe, na aandike kwa mkono wake masomo yake na tarehe zake, na karatasi hiyo ibandikwe nyuma ya mlango.

Nasi tuna kosa letu katika kisa hiki, na si haki kulificha. Mwezi wa Julai mwaka ule tulialikwa katika shule hiyo hiyo kuwaombea dua watahiniwa Waislamu. Tuliketi meza ya wageni, tukanywa soda, na mwalimu mkuu akazitaja tarehe zote, ya kumaliza pamoja na saa ya kufungua lango. Tuliitika kwa kichwa. Tulirudi Mombasa na tarehe zile vichwani mwetu, na hatukumpa mtu hata mmoja, ilhali twajua mabinti wanne wa mtaa wetu walikuwa pale na mama zao hawakuja.

Na kwa nini hawakuja? Wawili walituambia baadaye kwamba walikuwa wangojea siku ya dua ya muhula wa tatu, karibu na mtihani, kama ilivyokuwa zamani. Siku hiyo haipo. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku ziara za wazazi, siku za maombi na sherehe za zawadi katika muhula wa tatu, ili kuziba mianya ya wizi wa mitihani, na tangu hapo shule zimezisogeza shughuli hizo muhula wa pili. Mzazi asiyejua hukaa akisubiri mlango uliokwisha fungwa, na mtoto huingia katika mtihani akidhani mama yake hakutaka kuja. Mwenye mtoto kidato cha tatu na alitie jambo hili moyoni kuanzia sasa. Na aiulize shule mapema kama watoto wa Kiislamu watakuwa na dua yao na imamu wao. Shule nyingi hukubali zikiulizwa kwa adabu na kwa wakati.

Baada ya kisa kile baadhi ya wazee walipendekeza tarehe za shule zitangazwe msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Tulitangaza. Majuma mawili yakapita, tukagundua kwamba waliosikia ni wale wale wanaume ambao tayari wamo katika makundi ya WhatsApp. Kina mama wetu wengi hawaji Ijumaa, na aliyesikia msikitini hupita barazani kwanza, akazungumza siasa na bei ya mafuta, na afikapo nyumbani tangazo limemwishia njiani. Basi mwaka huu tumewaomba walimu wa darsa za kina mama wazisome tarehe hizo mwanzo wa darsa, si mwisho, kwa kuwa mwishoni watu huwa wameshainuka. Vyama vya kina mama navyo, na shughuli za maulidi, ni pahali pazuri kuliko mimbari kwa jambo hili. Twasema haya ijapokuwa mimbari ndiyo kazi yetu.

Kwa upande wa shule, twawaomba walimu wakuu mambo mawili. La kwanza, nambari ya mama iandikwe pamoja na ya baba, au ya bibi ikiwa ndiye mlezi. La pili, barua iandikwe kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kwa hiyo barua ya Kiswahili si hisani wanayofanyiwa wasiosoma. Mama huyu tunayemzungumzia amehitimu madrasa, husoma tafsiri na husahihisha wenziwe. Ni kurasa tatu za Kiingereza tu zilizomfanya aonekane hajui.

Na kwa wazazi: mtoto aliye bweni ahifadhi nambari mbili kwa moyo, kama ahifadhivyo sura, na mojawapo iwe ya aliye karibu.

Siku ya mwisho yenyewe ina vituko vyake. Wengine huandikiana kwa kalamu juu ya sare, wengine huambia nyumbani kwamba shule imeandaa karamu ufuoni, na shule haina habari nayo. Hatusemi kila mtoto ni mwongo. Twasema mwalimu wa darasa ana simu, na swali moja humaliza shaka. Furaha ya kumaliza ni haki yao. Ipikiwe pilau nyumbani na waitwe wenziwe, na huyo mwenye kuaga ataaga mbele ya wazazi.

Kabla ya kutoka shuleni kuna kurudisha vitabu na vifaa, kisha kupewa cheti cha kuacha shule. Mambo haya huenda upesi kwa asiyedaiwa. Kwa anayedaiwa karo, hapa ndipo penye uchungu, kwa kuwa tumeona vijana, na hasa mabinti, walioacha vyeti vyao vya mtihani ofisini mwa shule miaka mitatu, minne, wakiona haya kwenda na mikono mitupu. Wajue kwamba Sheria ya Baraza la Mitihani la Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 10, inakataza mtu au taasisi yoyote kuzuia cheti cha mtahiniwa. Cheti ni cha mtoto, na aende akakiombe, na akikataliwa apande hadi ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Lakini hatutaki mtu aisome sheria hii nusu. Sheria imekitoa cheti katika rehani, haikulifuta deni. Deni la karo ni deni kama deni jingine, liko shingoni mwa aliyelifanya, na mzazi akae na shule waandikiane jinsi ya kulilipa kidogo kidogo. Kuchukua cheti na kuizima simu si desturi ya Muislamu.

Jambo la majina nalo lina taabu yake kwetu sisi watu wa pwani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma, shule imeandika Fatma, baba ni Mohamed mahali pamoja na Muhammad mahali pengine, na jina la babu limeachwa kabisa. Mtoto hayaoni makosa haya mpaka siku ya kuomba kitambulisho au pasipoti. Majina ya mtihani husajiliwa mapema mwakani, naye mtahiniwa huonyeshwa ayahakikishe. Wazazi wa kidato cha tatu wamtume mtoto Januari na nakala ya cheti cha kuzaliwa mfukoni. Wa kidato cha nne wayatazame hata sasa, wajue walipo.

Matokeo katika miaka ya karibuni yametoka mapema Januari. Ya mwaka 2023 yalitangazwa tarehe 8, na ya 2024 tarehe 9. Baada yake hufunguliwa dirisha la kuchagua vyuo kupitia KUCCPS, nalo hufungwa. Anayetaka shahada kwa njia hiyo atazamie alama ya C+ kwenda juu, na aliye chini ya hapo ana vyuo vya ufundi asivyopaswa kuvionea haya. Suala la mkopo wa serikali na riba iliyomo ni mlango mrefu. Tutaufungua juma jingine, Inshaallah.

Habari, hata hivyo, hudaiwa pande mbili. Wapo wazazi wanaolalamika kwamba shule haikuwaambia, nao wana lao ambalo hawajamwambia binti. Tuliwahi kuitwa kufungisha ndoa mwezi wa Desemba, bibi arusi akiwa na majuma matatu tu tangu aweke kalamu chini. Tulimuuliza alijua lini. Akasema alijua siku aliyoshuka kwenye matatu akakuta turubai limefungwa uani. Alikuwa ametimiza miaka, na mume alikuwa mtu mwema, lakini tuliomba shughuli iahirishwe mpaka binti aulizwe kwa nafasi na aone matokeo yake. Baba yake hakutusemesha kwa miezi miwili. Sasa twasalimiana.

Mama wa kisa chetu ana binti mwingine, naye ni mtahiniwa mwaka huu. Juzi alipita madrasa kumchukua mdogo wao, tukamuuliza kama tarehe anazo. Alitutajia karatasi ya mwisho, siku, saa ya kufunguliwa lango, na jina la mwalimu wa darasa, bila kutazama popote. Kisha akatuuliza sisi kuhusu mtoto wa dada yetu, anayekaa kwetu na yuko kidato cha nne pia: yeye amaliza lini?

Tulipiga simu shuleni kwake kabla ya Magharibi.