Waliovuta Ngazi

Mimi si mtaalamu wa akiolojia. Nalisema hili mapema ili ndugu zangu wasomi wasipate taabu ya kunikumbusha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi niliyestaafu, na umri wangu umepita miaka 70. Nilisomea ualimu chuoni, nikapata cheti cha Daraja la III A, nikashika chaki kwa zaidi ya miaka 30, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu wilayani Kilwa. Hata hivyo, mambo ya uongozi na ya kupandishana vyeo nayafahamu, maana hayo yako kila mahali penye watu na viti. Na niliyoyaona katika chama kimoja cha wanaakiolojia wa ukanda wetu huu yamenikera kiasi kwamba nikiyanyamazia tena nitakuwa nimekosa mara mbili.

Kisa chenyewe kinaanzia darasani. Kila mwaka nilikuwa nikiwavusha watoto wa darasa la sita kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani. Tuliona Gereza, tukaingia Msikiti Mkuu, tukatembea hadi Husuni Kubwa. Niliwaeleza kwamba Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331 na akausifu mji ule. Watoto walitazama kuta. Mmoja wao alikuwa akitazama chini, anaokota vigae vya vyungu na kuvipanga juu ya jiwe kwa rangi na unene. Nilimkemea, nikamwambia arudishe kila kigae pale alipokitoa. Akavirudisha kimoja kimoja, bila kusita.

Mtoto yule alimaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, kama ilivyokuwa kwa wengi siku zile. Akapata kibarua katika uchimbaji wa mambo ya kale. Alianza kwa kubeba ndoo za udongo, akahamia kwenye chekeche, kisha akapewa mwiko na brashi, na hatimaye akawa msimamizi wa shimo. Sasa ana zaidi ya miaka 25 katika kazi hiyo. Kwa kidole tu anatofautisha udongo wa sakafu na udongo wa jaa. Ukimpa kigae atakuambia kama chungu kilifinyangwa hapa pwani au kilivuka bahari. Vijana wa vyuo vikuu wakiletwa uwandani, yeye ndiye anayewafundisha namna ya kushika mwiko wasije wakachanganya tabaka. Vijana hao huondoka na madaftari yao, wakapata shahada, wakaitwa madaktari, wakachaguliwa katika kamati ya chama. Yeye bado analipwa kwa siku.

Miaka michache iliyopita chama hicho, ambacho sitakitaja jina, kilinialika kwenye mkutano wake mkuu na kunifanya mwanachama wa heshima kwa sababu ya klabu ya historia niliyoianzisha shuleni. Mhadhiri mmoja kijana, mwanamke, alisimama akatoa hoja. Alitaka kifungu cha katiba kinachodai shahada kwa kila mwanachama kamili kiongezewe maneno, ili mtu aliyefanya kazi uwandani kwa miaka 10, na kuthibitishwa na waliomsimamia, naye aingie, alipe ada, apige kura na agombee uongozi. Aliyeongoza kikao akasema mlango huo ukifunguliwa chama kitajaa vibarua. Ukumbi ukaangua kicheko. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono, na walioiunga mkono hoja ile hawakufika 10. Sisi wa heshima tuliruhusiwa kupiga kura siku hiyo. Mkono wangu ulibaki pajani. Nilikuwa nimeitwa "mzee wetu", nimekalishwa mstari wa mbele, na bahasha ya posho ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilipotoka nilimkuta mwanafunzi wangu barazani, ameketi pamoja na madereva. Alikuwa ameletwa kuwaonyesha wageni sanduku la vigae.

"Shikamoo Mwalimu. Wamesemaje huko ndani?"

Nikamweleza.

"Na wewe Mwalimu, ulisemaje?"

"Nilinyamaza."

"Haya, Mwalimu," akasema, akaendelea kuvifunga vigae vyake katika karatasi.

Ndugu msomaji, tangu siku ile nimejiuliza: chama cha wanataaluma ni cha nini? Nijuavyo mimi, kina kazi tatu. Kwanza kulinda ubora wa kazi. Pili kuwalea wanaochipukia na kuwaonyesha njia ya kupanda. Tatu kuwasemea wenye kazi hiyo mbele ya serikali na wafadhili. Chama kinachomfungia nje yule anayewafundisha wanachama wake kazi kimeshindwa zote tatu kwa siku moja.

Inafaa tukumbuke tulikotoka. Kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu mambo ya kale lilifanyika Nairobi, Januari 1947. Aliyeliandaa ni Louis Leakey, na aliyekalia kiti cha urais ni padri Mfaransa, Henri Breuil. Huo ulikuwa wakati wa ukoloni: mezani walikaa wageni, mashimoni waliinama wenyeji. Tulilalamika, na tulikuwa na haki. Kwetu Tanzania somo la akiolojia lilianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1985. Kabla ya hapo aliyeitaka fani hiyo alilazimika kuitafuta nje ya nchi. Agosti 2022 kongamano hilohilo la Afrika lilifanyika Zanzibar. Sasa wenyeji tumekaa mezani, na mimi nimefurahi kama baba aliyeona mwanawe akihitimu. Lakini aliyepanda kwa ngazi aliyowekewa, kisha akifika darini akaivuta juu, hana tena haki ya kumlaumu mkoloni. Kilichobadilika ni rangi ya mkono unaoivuta.

Najua jibu litakalotolewa. Watasema shahada ndiyo kinga dhidi ya wababaishaji, na kwamba nchi ina wachimbaji haramu wa kutosha wanaotafuta hazina za Wajerumani na kuharibu magofu. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Shimo likishachimbwa haliwezi kuchimbwa mara ya pili. Aliyekosea amekosea milele. Lakini basi tuulize: nani anazuia kosa hilo pale shimoni saa tano ya jua kali, wakati daktari yuko mjini akiandika ombi la fedha? Ni msimamizi wa shimo. Ikiwa tunamwamini na tabaka za miaka 1,000, kwa nini tusimwamini na karatasi ya kura?

Sisi walimu tuliwahi kufika penye njia panda kama hiyo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilitaka kila mtoto asome, na walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazi huku wakifundisha, kwa masomo ya redio na ya posta na kwa kusimamiwa na walimu wa zamani. Tuliokuwa na vyeti vya chuo tuliwacheka, tukawaita majina. Wapo walioshindwa, sikatai. Lakini serikali haikuwaacha chini ya ngazi: waliwekewa mitihani, wakapandishwa daraja kwa daraja. Nimefanya kazi chini ya mratibu wa elimu aliyeanza hivyo, na alinizidi mimi mwenye cheti cha chuo. Ubora ulilindwa kwa kumpima mtu katika kazi yenyewe, hatua kwa hatua, wala hakuna aliyefukuzwa mlangoni kabla ya kupimwa.

Na kama mfano wa ualimu hautoshi, tumtazame Kamoya Kimeu, Mkamba wa Kenya. Shule yake haikupita msingi. Alianza kama kibarua wa akina Leakey miaka ya 1960. Mwaka 1964 aliliona taya la Peninj, huku kwetu karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1984 aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, na kipande hicho kikaongoza kwenye mifupa ya kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita, ambayo dunia nzima inaijua. Rais Reagan alimkabidhi nishani ya National Geographic mwaka 1985. Chuo kikuu kimoja cha Marekani kilimtunuku udaktari wa heshima mwaka 2021. Alifariki Julai 2022, mwezi mmoja tu kabla ya kongamano la Zanzibar. Ni kweli kazi yake ilikuwa ya mifupa ya kale zaidi kuliko vyungu vya Kilwa, lakini jicho ni lilelile na subira ni ileile. Kwa katiba ya chama ninachokisema, mtu huyo asingeruhusiwa kupiga kura ya kumchagua hata mweka hazina. Angekaa barazani na madereva.

Mzizi wa fitina, kwa maoni yangu, hauko kwenye ubora. Uko kwenye viti na fedha. Msimamizi wa shimo akiwa mwanachama kamili ataomba mkataba badala ya malipo ya siku. Ataomba jina lake liandikwe katika ripoti. Ataomba mkutano uendeshwe walau nusu kwa Kiswahili, lugha ambayo mashimoni wote wanaizungumza na ukumbini wote wanaisahau. Na atahesabu. Ataona kwamba kwa miaka mingi mwenyekiti akimaliza huwa mlezi, katibu akawa mwenyekiti, mweka hazina akawa katibu, kama watoto wanaozunguka viti bila kupungua hata kimoja. Mwalimu Nyerere aliachia urais wa nchi nzima mwaka 1985 kwa hiari yake. Uenyekiti wa chama cha watu wasiojaza basi moja una utamu gani usioachika?

Wanaoumia si vibarua peke yao. Yule mhadhiri kijana aliyetoa hoja aliambiwa pembeni, nami nikasikia kwa masikio yangu, kwamba mwenye kutaka barua nzuri ya kumpendekeza hapaswi kuanza na fujo. Hivyo ndivyo chama kinavyowafundisha vijana kupanda: kwa kunyamaza. Atakayefuzu somo hilo ndiye atakayekiongoza kesho, naye atawafundisha wengine alivyofundishwa.

Napendekeza mambo manne, na wala si mapya. Uwepo uanachama wa madaraja, wenye mtihani wa vitendo shimoni, ili mtu apande kwa kazi au kwa shahada au kwa vyote viwili. Uongozi uwe na kikomo cha vipindi viwili, na aliyemaliza apumzike kweli. Kila ripoti itaje kwa jina aliyeona kitu na aliyesimamia shimo. Na kiti kimoja cha kamati kiwe cha watu wa uwandani, wachaguliwe na wenzao. Haya hayahitaji mfadhili wala semina. Yanahitaji mikono inyooshwe.

Naijua gharama ya mkono usionyooshwa. Nilikuwa na kura moja, nikaiuza kwa kiti cha mbele na neno "mzee". Nisingemsamehe kiranja wa shule yangu aliyefanya hivyo. Kwa miaka mingi niliwaambia watoto kwamba historia hutunzwa na wanaoinama, na siku ya kuthibitisha nilijifanya sikumjua aliyeinama.

Nimemwandikia katibu wa chama kwamba jina langu liondolewe katika orodha ya heshima hadi jina la mwanafunzi wangu litakapoandikwa katika daftari la wanachama. Barua imepokelewa, jibu bado. Wakinialika tena nitakwenda, maana mwalimu hakatai mwaliko. Lakini nitakaa barazani, kando ya sanduku la vigae, mpaka tuitwe ndani sote wawili.