Paka wa Singa na Haki Zake



Wapenzi wasomaji, akina mama wa nyumba mbalimbali wametuuliza, kila mmoja kwa namna yake, juu ya paka wa Kiajemi, yule mwenye manyoya marefu ya singa, uso bapa na macho makubwa, ambaye siku hizi huonekana hata katika nyumba za watu wa pwani waliohamia bara. Wengi huuliza kama paka huyu anafaa kukaa katika nyumba inayosaliwa. Wachache sana huuliza kama nyumba hiyo inamfaa yeye. Swali la kwanza lina majibu yake katika fiqhi, na tutayafikia. La pili ndilo lililotukalisha kuandika, kwa kuwa hapa Mugutha, baina ya Ruiru na Juja, tumeishi na paka wa aina hii, na tumeona wengine wakiletwa kwa shangwe na kufa kabla ya mwaka, si kwa ukatili wa mtu yeyote, bali kwa kudhaniwa kuwa paka ni paka.

Paka wetu wa pwani anajulikana. Yule wa Lamu ni mwembamba, ana miguu mirefu, haogopi mtu, na riziki yake huitafuta mwenyewe gatini wavuvi wanaposhusha samaki. Yule wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambaye Wagiriama humwita khadzonzo, ana manyoya mafupi yenye mabaka kama gome la mti, na tangu Bi Jeni Slater alipoanza kuwafuga karibu na Watamu mwaka 1978, amefika hata Ulaya kwa jina la Sokoke. Hawa ni paka wa joto na wa kujitegemea. Wa Kiajemi ana historia nyingine. Katika nchi za Ghuba, Waarabu humwita paka wa Shirazi, jina ambalo sisi Waswahili hatuwezi kulisikia bila kutabasamu. Mnamo mwaka 1620 msafiri wa Kitaliano, Pietro della Valle, aliandika juu ya paka wa manyoya marefu wa Khorasan, akiazimia kuwapeleka kwao. Lakini umaarufu aliupatia Uingereza, hasa baada ya maonyesho ya paka yaliyofanyika Crystal Palace, London, mwaka 1871. Tangu hapo wafugaji wa Uingereza na Marekani wakawa wanachagua, kizazi baada ya kizazi, wale wenye manyoya mengi zaidi na pua fupi zaidi. Paka tunayemwona leo, basi, si yule wa Khorasan. Pua yake, manyoya yake na hata upole wake vimepitia mikononi mwa watu.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Sote tumeisikia tangu madrasa hadithi, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha atoke akajilie wadudu wa ardhini. Tuitazame vyema. Mwanamke yule alikuwa na milango miwili ya kuokokea, kulisha au kuachia. Kwa paka wa Lamu milango hiyo yote bado iko wazi. Kwa paka wa Kiajemi mmoja umekwisha kufungwa, na ulifungwa kabla hajaingia nyumbani mwetu. Ukimwachia nje, haelekei kuwinda cha kumshibisha. Manyoya yake yatajaa kishona nguo kabla ya adhuhuri, kupe watamwandama, mbwa wa mtaa watamkimbiza, naye kwa woga wake atajificha ndani ya mtaro badala ya kurudi mlangoni. Anayemweka, kwa hiyo, amejitwika jukumu lote. Hana cha kuiachia ardhi.

Na upole wake huo ndio unaowapotosha wengi. Sisi watu wa pwani tunalo neno haya, na tunalipenda. Basi tukimwona paka aliyetulia, asiyelia, asiyerukia meza, husema huyu ana haya. Mara nyingi si haya, ni hofu. Paka wa Kiajemi hupenda nyumba isiyobadilika: sauti zilezile, saa zilezile, watu walewale. Akiletwa nyumba mpya, siku za mwanzo apewe chumba kimoja tu, chenye chakula, maji, sanduku la mchanga mbali na chakula hicho, na mahali pa kujisitiri. Boksi la katoni lililolazwa ubavu latosha. Watoto waambiwe wakae sakafuni wasome au wacheze, wasimkodolee macho, na wasimvute kamwe kutoka alipojificha. Atakuja mwenyewe, pengine siku ya tatu, pengine juma la tatu. Akikutazama huku akifumba macho polepole, nawe fumba yako polepole. Ndiyo salamu yao. (Wako wanaonong'ona kuwa paka anayejificha mchana na kukodoa macho usiku ana jambo. Ana jambo kweli: anaogopa redio yako.)

Hatari ni kwamba paka mwenye hofu huacha kula, na paka hawezi kufunga kama sisi. Akikaa siku mbili au tatu bila chakula, mwili wake huanza kupeleka mafuta kwenye ini, nalo likajaa na kushindwa kazi. Na aliye mnene ndiye aliye hatarini zaidi. Tunaijua nyumba moja, si mbali na kwetu, ambako paka aliletwa siku mbili kabla ya arusi ya binti. Nyumba ikajaa wageni, vigelegele na vishindo vya masufuria. Paka akaingia nyuma ya kabati la nguo. Wakasema, mwacheni, ana haya, atatoka arusi ikiisha. Mama wa nyumba ile, kwa huruma zake, alimwekea kila usiku maini yaliyochemshwa, na kila asubuhi sahani ilikuwa vilevile. Alipotolewa siku ya tano, ufizi wake ulikuwa umegeuka manjano. Daktari wa mifugo alijaribu siku mbili.

Basi tusingoje paka atuambie, kwani mnyama mwoga huficha maradhi yake. Tuitazame sahani na tuutazame mchanga, kila siku. Akipitisha siku nzima bila kula, tujue kuna neno. Ya pili ikianza naye bado hajala, aende kwa daktari, arusi iwepo isiwepo.

Manyoya yake yana tabaka mbili, ya juu marefu na ya chini laini kama pamba, na hayo ya chini ndiyo yanayosokotana. Akina mama waliolea mabinti wenye nywele ndefu hawahitaji kufundishwa hapa: kuchana huanzia nchani, huku mkono mwingine umeshika shina ili ngozi isivutwe. Twatumia kitana cha chuma chenye meno mapana, kisha chenye meno ya karibu, robo saa kila siku baada ya Isha nyumba ikishatulia. Kwapani, nyuma ya masikio, tumboni na chini ya mkia ndipo pa kukaguliwa zaidi. Fundo likishakaza, mkasi usiletwe. Ngozi ya paka ni nyembamba na huvutika kuingia ndani ya fundo, na ukikata ukidhani wakata manyoya, utakuwa umeipasua. Fundo lifumuliwe kwa vidole, kidogo kidogo, na likishindikana anyolewe na daktari kwa mashine.

Kuchana huku kunatufaa pia katika tohara. Hadithi ya Abu Qatada (r.a.), aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mbele ya Bi Kabsha, mke wa mwanawe, yatufundisha kuwa paka si najisi, ni miongoni mwa viumbe wanaotuzunguka majumbani. Lakini manyoya yaliyokwisha kumtoka yana maneno yake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, manyoya ya mnyama asiyeliwa yakimtoka angali hai huhesabiwa kuwa najisi, ila machache husamehewa. Unyoya mmoja au miwili juu ya kanzu hauna neno. Msala uliogeuka kitanda cha paka ni jambo jingine. Madhehebu mengine yana wasaa zaidi hapo, na mwenye shaka amuulize imamu wake. Sisi tumelimaliza kwa njia nyepesi: misala na mabuibui hukaa kabatini, mlango wa chumba cha kusalia hufungwa, na manyoya huishia kwenye kitana kabla hayajafika sakafuni. Jiko la makaa huwekwa mbali naye pia, kwani singa hushika moto upesi.

Uso wake bapa hubana mifereji ya machozi, ndiyo sababu macho hulia daima na kuacha michirizi ya hudhurungi. Yafutwe kila asubuhi kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake. Pua fupi nayo humnyima pumzi kwenye joto, kwa kuwa hawezi kujipoza vyema kwa kuhema, na kwa hili Mugutha, iliyo juu ya mita 1,500 hivi, inamfaa kuliko Mombasa ya kaskazi. Baridi ya Julai haimdhuru, madhali hajalowa. Akioshwa lazima akaushwe hadi shinani. Hatuoni busara, basi, ya kumpakia kwenye basi la mchana kwenda pwani kwa ajili ya Idd. Afadhali abaki alipopazoea, na mtu anayemjua aje asubuhi na jioni, amlishe, amchane na ahakikishe amekula. Jirani yetu Mkikuyu, ambaye siku ya kwanza alituuliza kama huyu ni paka au ni sungura, na kama ni paka anakamata panya wangapi, ndiye anayeshika ufunguo wetu sasa. Panya bado hajaletewa hata mmoja.

Jikoni kuna mambo machache ambayo mama asipoyajua yataua. Mchuzi wetu, biriani yetu, hata supu ya kuku, vyote vina vitunguu maji na thomu, na hivyo viwili huharibu damu ya paka. Apewe nyama au samaki aliyechemshwa peke yake, bila mwiba, pamoja na chakula cha paka cha dukani, kwani samaki pekee haumtoshi mwili. Maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa. Kidonge cha paracetamol, ambacho sisi twameza bila kufikiri, kimoja tu chaweza kumuua. Na dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa, ikiwa ina pamethrini, asitiwe kabisa hata tone.

Wajawazito huambiwa mara kwa mara wamtupe paka. Hakuna haja. Vijidudu vya toksoplasma hutoka katika kinyesi cha paka aliyeambukizwa, navyo huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Mchanga ukisafishwa kila siku, na ukasafishwa na mtu mwingine, hofu kubwa imeondoka. Paka asiyetoka nje na asiyelishwa nyama mbichi ana hatari ndogo kuliko mishikaki isiyoiva au sukuma wiki isiyooshwa vyema. Kwa watoto, tuangalie zaidi choa, ambacho hupenda sana manyoya marefu: paka akiwa na kipara cha mviringo, au mtoto akiwa na duara linalowasha, watibiwe wote wawili kwa pamoja. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo ni haki ya paka, hata huyu asiyevuka kizingiti.

Limebaki la kununua. Wako mafakihi waliochukia kumuuza paka, kwa hadithi ya Jabir (r.a.) iliyomo katika Muslim, ingawa wengi zaidi wameruhusu. Mwenye kuamua kununua asitazame rangi ya macho kwanza, aulize figo. Paka wa Kiajemi hurithi ugonjwa wa vifuko vya maji katika figo. Tafiti za Marekani, Uingereza na Australia ziliwahi kukuta zaidi ya theluthi ya paka hawa waliopimwa wakiwa nao. Mzazi mmoja akiwa na ugonjwa huo, kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuupata, na dalili hazionekani mpaka paka afikishe miaka saba hivi, watoto wa nyumba wamekwisha kumzoea kama ndugu yao. Kipimo cha vinasaba kipo tangu mwaka 2004, na picha ya mawimbi ya sauti huonyesha vifuko hivyo. Muuzaji aulizwe kama wazazi wamepimwa, aombwe karatasi, na mama wa paka aonekane kwa macho: anapumua vipi, macho yake yako vipi, anamkimbia mwenyewe au anamjia. Mtoto wa paka asichukuliwe kabla hajafikisha majuma kumi na mawili, kwani aliyetengwa mapema na mama yake hofu yake huwa kubwa zaidi.

Juma lijalo, inshallah, tutajibu maswali ya akina mama waliotuandikia juu ya kuku na njiwa wa uani. Wassalaam.