Dola Nayo ni Bidhaa ya Soko

Mfanyabiashara mmoja wa nafaka, mwenye ghala si mbali na stesheni ya reli ya Nakuru, huyafahamu mahindi kama mchungaji afahamuvyo kondoo wake. Akitia mkono katika gunia hujua kama punje zimekauka, na akisikia ni malori mangapi yamekuja kutoka Rongai na Subukia hukisia bei ya kesho. Walakini mwaka wa 2024 mtu huyu mwerevu alipata hasara kubwa, na habari zake zafaa kusomwa na kila mkulima na kila karani awekaye akiba.

Mwezi wa Januari mwaka huo alikuwa amekwisha kuuza magunia 120 kwa shilingi 4,000 kila moja, akawa na shilingi 480,000 mkononi. Fedha hiyo ilikuwa ya kununulia mahindi ya msimu ujao na ya karo ya binti yake. Siku zile dola moja ya Marekani ilikuwa imefika kiasi cha shilingi 160. Sababu yake ni kwamba mwezi wa Juni Serikali ilipaswa kulipa deni la dola bilioni 2 lililokopwa mwaka wa 2014 katika masoko ya ng'ambo, na watu wengi waliona shaka kama litalipwa. Kwa hofu hiyo mwenye dola aliificha, na asiye nayo aliitafuta. Hotelini na ndani ya matatu watu walisema neno moja tu: itafika 200. Basi naye akabadilisha fedha yake yote, akapata dola 3,000.

Mwezi wa Februari Serikali ilipata mkopo mpya wa dola bilioni 1.5, ikaanza kulipunguza lile deni la zamani kabla ya siku yake. Benki Kuu ilipandisha riba yake mpaka asilimia 13, na hati za Serikali zilizouzwa mwezi huo zikaahidi faida ya zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, hata wageni wakaleta dola zao ili wazinunue. Waliokuwa wameficha dola wakazitoa upesi. Mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu na shilingi 132.

Yule bwana hakuuza, maana alitumaini kwamba siasa itaipandisha tena. Tarehe 25 Juni vijana waliopinga Muswada wa Fedha waliingia Bungeni huko Nairobi, na watu wakauawa. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Mfanyabiashara alikumbuka Januari ya mwaka wa 2008, mapigano ya baada ya uchaguzi yalipoingia Nakuru, barabara zikafungwa na ghala lake likakaa bila kazi. Akajiambia, "Sasa dola itaruka." Lakini Julai ikapita, na Agosti ikafika, na dola ilikuwa ingali karibu na shilingi 129.

Ndipo alipomwendea mkulima mmoja wa Njoro, mtu wa makamo ya baba yake, aliyemwuzia mahindi kwa miaka mingi.

"Shikamoo, Mzee. Nchi ilitikisika, na dola haikutikisika. Nieleze, maana mimi nimeshindwa."

"Marahaba, mwanangu. Mwaka wa 2008 biashara yako iliharibiwa na kelele, au na lori lisilopita?"

"Na lori lisilopita."

"Na Juni hii, ni lori gani la dola lililozuiwa? Chai iliuzwa, watoto wetu walio ng'ambo walituma fedha, na deni lililotutisha lilikwisha lipwa. Hata mwaka wa 2011 dola ilifika 107 mwezi wa Oktoba, watu wakalia. Benki Kuu ikapandisha riba, na kabla ya mwaka kwisha ikashuka chini ya 90. Dola nayo ni bidhaa. Je, wewe hununua mahindi siku ile soko zima linapopiga kelele kwamba yatapanda?"

"La, Mzee. Siku hiyo mimi huuza."

"Basi, umejijibu."

Aliziuza dola zake kwa shilingi 129, akapata shilingi 387,000. Zilizopotea ni shilingi 93,000, yaani bei ya magunia 23 na zaidi. Karo ya binti ililipwa, lakini msimu ule sehemu moja ya ghala ilibaki tupu.

Hapana mtu ajuaye bei ya kesho, wala mzee wa Njoro hakudai kuijua. Walakini tangu siku ile mfanyabiashara yule, akisikia habari kubwa ya siasa au ya fedha, hujiuliza kwanza: Ni nani anayo bidhaa hii, ni nani anayeitaka, na je, njia baina yao imefungwa? Asipopata jibu, huiacha akiba yake mahali ilipo, akarudi kupima magunia.