Mtoi Kujitegemea Si Kuachwa Peke Yake

Kama uko na Netflix, pengine ushaona ile shoo ya Japani inaitwa Old Enough! Mtoi wa miaka mitatu hivi anatumwa duka. Anavuka barabara, analipa, anarudi na mzigo. Swali la kwanza kwa msee yeyote wa Nairobi ni moja: mathe wa huyu mtoi ako wapi?

Kumbe watu wa kamera wamejificha njia nzima. Mtoi anajua ako pekee yake, lakini macho yako kila mahali.

Shule zao zinafuata rada hiyo hiyo. Kusafisha darasa ni kazi ya watoi. Lunch ikifika, wanavaa aproni na kugawia wenzao chakula, na ticha anakula nao. Sehemu nyingi, asubuhi wanatembea kwa vikundi, wakubwa wakiongoza wadogo, na wazee wa mtaa wamesimama pale pa kuvukia.

Sasa kuja huku kwetu. Tunaambiwa mpeleke mtoi bweni mapema ndio akomae. Lakini usiku wa Septemba 5, 2024, moto ulishika bweni la Hillside Endarasha Academy, Nyeri. Zaidi ya watoi 150 walikuwa wanalala hapo. Vijana 21 walikufa, na hao walikuwa wa shule ya msingi. Mwaka wa 2001 ilikuwa Kyanguli, Machakos: wanafunzi 67.

Sheria si eti hatuna. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 unasema madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, na vitanda viachane. Kujua kuosha soksi haiwezi kumsaidia mtoi kama mlango umefungwa kwa nje.

Kwa hivyo wewe unayelipia ndugu yako mdogo fees, ama tayari una mtoi wako, usiulize shule mean score pekee. Uliza nani analala karibu na bweni. Uliza funguo ziko na nani saa nane usiku. Ingia, hesabu vitanda, angalia madirisha. Wakikukataza kuingia, hapo umeshapata jibu.

Na kujitegemea? Anzia kwa keja. Mtume kwa mama mboga, mwache ahesabu chenji mwenyewe. Wewe simama kwa balcony, ukimcheki.