Pilipili Usiyoila Nayo Huwasha

Wahenga walituuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Methali hiyo yafaa sana kumnyamazisha mtu anayejitia katika mambo yasiyomhusu, lakini bila shaka aliyeitunga hakuwa mpishi. Jikoni, pilipili humwasha kwanza yule asiyeila. Humwasha aliyeikata kwa mikono mitupu, na humwasha mtoto aliyelala kitandani hatua mbili kutoka penye jiko. Mlaji mwenyewe ndiye wa mwisho kupata habari.

Twayasema haya kwa sababu sifa zote za pilipili hupewa mlaji. Bwana akikaa mbele ya sahani ya mihogo ya kukaanga, ndimu na pilipili, jasho likimtiririka, wenzake humsifu kuwa ni mwanamume kweli. Yule aliyeshinda asubuhi nzima akiziponda zile pilipili mbuzi kinuni, na usiku akakosa usingizi kwa viganja kuchoma, hatajwi. Mara nyingi ni msichana wa kazi, naye huona haya kulalamika asije akaambiwa hajui kupika.

Yafaa ieleweke kwanza ni nini kinachowasha. Wengi huilaumu mbegu; huzitoa mbegu wakadhani wamemaliza kazi. Ukali hautoki katika mbegu bali katika ule utando mweupe wa ndani unaozishika, na mbegu hupata wake kwa ujirani tu. Basi atakaye harufu ya pilipili mbuzi bila ya moto wake wote na aukwangue utando huo kwa ncha ya kisu. Wapishi wa pwani wana njia iliyo bora zaidi. Pilipili nzima, na kikonyo chake, bila kutobolewa, huachwa ielee juu ya mchuzi wa nazi hata harufu itoke, kisha huopolewa taratibu kabla haijapasuka. Ole wake atakayekoroga kwa nguvu!

Dawa hiyo kali huitwa kapsaisini. Haipatani na maji, ila huyeyuka katika mafuta. Kwa hiyo anayenawa kwa maji matupu huwa anaitembeza tu kutoka kidole hadi kidole. Mikono ipakwe kwanza mafuta ya kupikia, isuguliwe hata chini ya kucha, ndipo ioshwe kwa sabuni nyingi. Mwaka 1997 mtaalamu wa Marekani, David Julius, pamoja na wenzake, walitambua mlango katika neva zetu ambao hufunguliwa na joto la kuunguza, lipatalo digrii 43, na ambao pilipili huufungua vile vile. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Maana yake ni kwamba mwili hupigiwa kelele za moto hali moto haupo. Na ndiyo sababu mtu aliyekata pilipili mchana akioga maji ya moto jioni, uchungu huamka upya. Atumie maji ya baridi. Kinywani, maziwa au mtindi hutuliza kuliko maji.

Jicho ni jambo lingine. Hapo usipake mafuta wala usilisugue. Lioshwe kwa maji safi mengi, kwa dakika 15 hivi, na uchungu usipoondoka aendewe daktari.

Lakini linalotutia hofu zaidi ni moshi. Pilipili kavu ikitumbukizwa katika mafuta yanayofuka, hewa ya chumba chote hugeuka. Katika nyumba zetu za mjini, ambako chumba kimoja ndicho jiko, ndicho sebule, ndicho malazi, mwenye pumu hana pa kukimbilia. Dirisha lifunguliwe kabla ya sufuria kutiwa moto, watoto watoke nje, na mafuta yapunguzwe moto kabla ya pilipili kuingia. Anayesaga kwa mashine naye asubiri kitu kipoe, wala asiinamishe uso anapofunua kifuniko.

Siku hizi kuna na ushindani wa ukali. Kipimo alichokianzisha Wilbur Scoville mwaka 1912 huwapa jamaa za pilipili mbuzi kati ya 100,000 na 350,000. Mwaka 2023 pilipili moja ya Marekani iitwayo Pepper X ilitangazwa kuwa na 2,693,000. Mwaka huo huo, huko Massachusetts, kijana wa miaka 14 alifariki baada ya kula kipande kimoja cha chipsi kilichopakwa unga wa pilipili za namna hiyo, katika mchezo wa kushindana. Madaktari walimkuta pia na kasoro ya moyo, ambayo huenda mwenyewe hakuijua.

Kwa wenye nyumba twasema hivi: anayewapikia mnunulieni glavu za mpira. Zikikosekana, ashike pilipili kwa uma, au avae mfuko wa plastiki mkononi. Na mama mwenye mtoto mchanga asipewe kazi hiyo kabisa. Tena wako wanaopaka pilipili kwenye titi ili kumwachisha mtoto kunyonya. Desturi hiyo twaipinga bila kuumauma maneno. Mtoto huyo hawezi kusema kinachomwasha, na kwa mikono ile ile iliyoshika titi hujifikicha macho.